KABLA YA KUTIA SAINI: WAKILI NA UNUNUZI WA NYUMBA AU KIWANJA

(Maelezo haya yalitolewa na wasaidizi wa kisheria mbele ya wanachama wa vikundi vya kisomo na vya kuweka na kukopa. Tumeyaandika ili wale ambao hawakuhudhuria wayasome, na wale waliohudhuria wayakumbuke.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mawakili. Ombi hili limetoka kwenu wenyewe. Baadhi ya vikundi vyenu vimeweka akiba kwa miaka mingi, na sasa vinataka kununua nyumba au kiwanja katika mji wa wilaya. Wengine wana watoto mjini, nao wanapiga simu kusema, "Baba, nimeona kiwanja, niongezee pesa." Basi swali lenu ni hili: Je, tunamhitaji wakili? Na kama tunamhitaji, tutamjuaje aliye wa kweli?

Swali hili si dogo. Mtu akinunua jembe bovu, atapoteza pesa ya jembe. Akinunua nyumba yenye kesi, atapoteza jasho la maisha yake yote, na pengine atawaachia watoto wake kesi badala ya urithi. Kwa hiyo tutakwenda polepole, hatua kwa hatua.

TUNANUNUA NINI?

Kwanza tukumbuke jambo moja. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo tunaponunua kiwanja, tunanunua haki ya kukitumia, pamoja na nyumba na vitu vilivyomo.

Haki hiyo ina njia zake. Sheria kubwa ni mbili: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Haya tunayosema ni ya Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria zao za ardhi.

Kama unanunua shamba kijijini, mambo yako yako kwenye Halmashauri ya Kijiji. Muuzaji analeta habari, halmashauri inakaa kikao, inajadili, na inakubali au inakataa. Muhtasari wa kikao unaandikwa. Angalieni hapo: muhuri wa Mwenyekiti peke yake si kikao. Saini ya Mtendaji peke yake si kikao. Mahakama ya Rufani imekwisha sema kwamba kununua ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji si halali. Kwa hiyo usitoe pesa chini ya mwembe, kisha ukaenda kugongewa muhuri usiku.

Shamba la kijiji unaweza kulinunua bila wakili, ukifuata njia hiyo. Lakini nyumba au kiwanja kilichopimwa mjini, chenye hati miliki, ni jambo lingine. Hapo kuna Msajili wa Hati, kuna Kamishna wa Ardhi, kuna kodi, na kuna fomu nyingi. Hapo ndipo wakili anapohitajika zaidi.

WAKILI NI NANI?

Si kila anayevaa suti nyeusi ni wakili. Wala si kila aliyesoma sheria ni wakili. Wakili ni mtu aliyesoma sheria, akaapishwa, na jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama. Zaidi ya hayo, ni lazima awe na leseni ya kufanya kazi, nayo huhuishwa kila mwaka. Wakili aliyekuwa na leseni mwaka juzi, na mwaka huu hana, haruhusiwi kukufanyia kazi ya uwakili.

Wako watu wanaojiita mawakili na si mawakili. Wananchi wamewapa jina: wanaitwa mawakili vishoka. Kishoka anakaa karibu na mahakama, au karibu na ofisi ya ardhi, au mbele ya duka la kutoa kopi. Ana begi, ana muhuri, na ana maneno matamu. Bei yake ni ndogo. Atakwambia, "Mzee, kwa nini uende kulipa laki nyingi? Mimi nitakuandikia hapa hapa, dakika kumi."

Sisi tulipata kumpokea mzee mmoja aliyekuja na karatasi ya namna hiyo. Alikuwa ameuza ng'ombe wake akanunua nyumba ya vyumba vitatu. Karatasi ilikuwa na muhuri mzuri wa duara. Tulipolitafuta jina lililokuwa kwenye muhuri, halikuwamo katika orodha ya mawakili. Nyumba yenyewe ilikuwa ya marehemu. Kijana aliyeiuza alikuwa mmoja wa watoto saba, na mama yao alikuwa bado anaishi mle ndani. Hakuna mahakama iliyokuwa imemteua kijana yule kusimamia mirathi. Mzee alikuwa na karatasi, lakini hakuwa na nyumba. Kijana hakuonekana tena, na kishoka alikuwa amehama kibaraza.

Ndugu zangu, karatasi ile ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Kosa halikuwa katika maandishi. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza maswali kabla ya kuandika. Na hiyo ndiyo kazi kubwa ya wakili katika ununuzi: kuuliza kwanza, kuandika baadaye.

JINSI YA KUMCHAGUA

Fanyeni hivi:

1. Ulizeni jina lake kamili na ofisi yake. Nendeni ofisini kwake. Wakili asiye na ofisi, anayekutana nanyi hotelini tu au kwenye gari, muogopeni.

2. Hakikisheni leseni yake. Siku hizi Mahakama ina mfumo wa kompyuta unaoitwa e-Wakili. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kulitafuta jina humo na kuona kama leseni iko hai. Mnaweza pia kuuliza katika Chama cha Mawakili wa Tanganyika. Msione haya kuuliza. Wakili wa kweli hakasiriki akiulizwa leseni, kama vile dereva mzuri asivyokasirika akiulizwa leseni na trafiki.

3. Ulizeni kama amezoea kazi za ardhi. Wakili anaweza kuwa hodari sana wa kesi za jinai, lakini hajui mlango wa ofisi ya ardhi uko wapi.

4. Msichukue wakili wa muuzaji, wala aliyeletwa na dalali. Dalali anataka biashara imalizike leo apate chake. Wakili wenu anatakiwa awe na moyo wa kusema, "Ngojeni kwanza." Mtu mmoja hawezi kuwavutia kamba watu wawili wanaovutana.

5. Mwulizeni atafanya nini, kwa siku ngapi, na kwa bei gani. Iko amri ya mwaka 2015 inayohusu malipo ya mawakili, kwa hiyo bei si siri. Mwambieni aandike: ada yake ni kiasi gani, gharama za serikali ni kiasi gani, na nauli ni kiasi gani. Kila mnapolipa, daini risiti.

6. Angalieni kama anawasikiliza. Akisema maneno ya Kiingereza na ya kisheria msiyoyaelewa, mwambieni arudie kwa Kiswahili. Ninyi ndio mnaomlipa. Mtu mzima kuuliza si aibu. Aibu ni kunyamaza halafu kulia.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kuna kikundi cha akina mama ishirini. Wameweka akiba, wakauza mpunga na alizeti, na sasa wana shilingi milioni 20. Wanataka kununua nyumba mjini waweke mashine ya kukoboa. Muuzaji anataka shilingi milioni 18. Anasema, "Leteni pesa kesho, kuna mtu mwingine anaitaka."

Neno hilo la "kuna mtu mwingine" mlisikie vizuri. Linasemwa kila siku ili mnunuzi aharakishwe. Haraka haraka haina baraka. Mjibuni, "Tunaitaka nyumba, lakini wakili wetu anachunguza kwanza."

Sasa wakili wa akina mama hawa atachunguza nini?

Kwanza, atakwenda kufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa umewekewa ofisi ya ardhi, kwa hiyo safari si ndefu kama zamani. Upekuzi unalipiwa ada serikalini. Utaonyesha jina la mmiliki aliyeandikishwa. Utaonyesha kama nyumba imewekwa rehani benki. Utaonyesha kama mtu ameweka zuio. Msiridhike na hati mliyoonyeshwa mkononi. Hati inaweza kuwa ya kughushi, au ya kweli lakini nyumba inadaiwa.

Pili, ataangalia masharti ya hati. Haki ya kumiliki kiwanja hutolewa kwa miaka, kama 33, 66 au 99. Je, imebaki miaka mingapi? Na kiwanja kimepangwa kwa matumizi gani? Kama ni cha makazi tu, akina mama watawekaje mashine ya kukoboa? Hilo lijulikane kabla ya kulipa.

Tatu, ataangalia madeni. Kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka mwaka gani? Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, iko sawa? Maji je?

Nne, ataangalia mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kama muuzaji ana ndoa, mwenzake aje mwenyewe ofisini, akubali, na atie saini. Msikubali kuambiwa, "Mke wangu yuko safari, lakini anajua." Akija kusema hajui, biashara inaweza kuvunjwa.

Tano, kama mwenye nyumba amekufa, wakili ataomba barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kuwa mtoto wa kwanza hakumfanyi mtu kuwa msimamizi. Na hata msimamizi akiwepo, warithi wengine waulizwe.

Sita, wakili au ninyi wenyewe mtakwenda kuiona nyumba. Hapa ndugu zangu, msimwachie wakili peke yake. Wakili anajua karatasi, lakini macho ni yenu. Nendeni mchana. Ongeeni na majirani. Ulizeni: nyumba hii ni ya nani, nani anakaa humu, mpaka uko wapi, kuna ugomvi wowote? Angalieni mawe ya mipaka yenye namba, mlinganishe na ramani. Jirani mmoja mkweli anaweza kuwaokoeeni milioni 18.

MKATABA

Uchunguzi ukimalizika vizuri, ndipo mkataba wa mauziano unaandikwa. Hapa ndipo kisomo chetu kinapoonekana faida yake. Zamani wengi wetu tulichovya dole gumba kwenye wino, tukaliweka pale tulipoonyeshwa. Sasa tunajua kusoma. Basi tusome.

Daini mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria nchini. Hakuna sababu ya mkulima kutia saini maneno asiyoyaelewa. Chukueni nakala nyumbani, msome kwa siku mbili tatu. Msomeane kwa sauti katika kikundi. Pale penye neno gumu, wekeni alama, mrudi kumwuliza wakili.

Angalieni mambo haya:

- Majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, pamoja na namba za vitambulisho vya Taifa na picha zao.
- Namba ya kiwanja, kitalu, eneo, namba ya hati, na ukubwa wake.
- Bei kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu ni rahisi kuongezwa sifuri. Maneno si rahisi.
- Pesa zitalipwa lini, kwa awamu ngapi, na kwa njia gani.
- Nani atalipa kodi gani.
- Siku muuzaji atakapotoka na kukabidhi funguo na hati.
- Nini kitafanyika kama mmoja atavunja ahadi, au akifa kabla ya mambo kumalizika.
- Ridhaa ya mke au mume.
- Mashahidi wa kila upande.

Chini ya mkataba pawepo jina na anwani ya aliyeutayarisha. Hiyo ni amri ya Sheria ya Mawakili. Karatasi isiyosema imetayarishwa na nani inaweza kukataliwa na Msajili wa Hati. Kishoka hapendi kuandika jina lake hapo.

Siku ya kutia saini, kila mtu aje mwenyewe mbele ya wakili. Msitie saini nyumbani halafu karatasi zikapelekwa kugongwa muhuri. Wakili anaposhuhudia, anashuhudia alichokiona kwa macho yake. Tieni saini kila ukurasa. Msitie saini kamwe kwenye karatasi yenye nafasi tupu, hata kama mnaambiwa, "Hapo tutajaza baadaye." Nafasi tupu ni shimo.

Na kama katika kikundi yuko mwenzetu asiyejua kusoma bado, asomewe yote na kuelezwa, na mkataba wenyewe useme kwamba alisomewa akaelewa.

PESA ZIPITE WAPI?

Msibebe milioni 18 kwenye mfuko wa rambo. Pesa zipite benki, ziende kwenye akaunti ya muuzaji mwenye jina lile lile lililomo katika hati. Zisiende kwa dalali. Zisiende kwa mdogo wake muuzaji. Mkiambiwa, "Wekeni kwa namba hii ya simu," kataeni.

Ni vizuri zaidi kulipa kwa awamu: sehemu wakati wa kutia saini, na sehemu nyingine hati itakapokuwa imehamishwa au karatasi zote za kuhamisha zimetiwa saini na kukabidhiwa. Muuzaji aliyekwisha pokea pesa zote hana haraka tena ya kwenda ofisi ya ardhi.

Mkiweka pesa kwa wakili ili azishike mpaka mambo yakamilike, ziwekwe katika akaunti ya wateja, si katika mfuko wake mwenyewe, na awape risiti na barua inayosema zitatolewa lini na kwa sharti gani.

SAINI SI MWISHO

Ndugu wanakisomo, hapa watu wengi huanguka. Wanatia saini mkataba, wanapewa funguo, wanachinja kuku, wanadhani wamemaliza. Bado!

Katika daftari la Msajili wa Hati nyumba bado ina jina la muuzaji. Na nyumba yenye jina lake, muuzaji mwenye tamaa anaweza kuiuza mara ya pili au kuiweka rehani. Mkataba ni ahadi ya kuhamisha. Kuandikishwa ndiko kuhama kwenyewe.

Kwa hiyo wakili aendelee na kazi. Mthamini atathamini nyumba. Fomu za kuhamisha zitajazwa na kupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi kuomba kibali. Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, itakadiria kodi ya faida aliyoipata muuzaji. Kwa mkazi wa nchini kodi hiyo kwa kawaida ni 10% ya faida, nayo ni deni la muuzaji. Halafu kuna ushuru wa stempu, ambao ni karibu 1%. Kwa akina mama wetu wenye nyumba ya milioni 18, ni karibu shilingi 180,000. Baada ya hapo kuna ada ya kuandikisha. Viwango huweza kubadilika kila bajeti inaposomwa mwezi wa Juni, kwa hiyo mwulizeni wakili viwango vya mwaka huo.

Mnaona sasa kwa nini akina mama wenye milioni 20 wasinunue nyumba ya milioni 20? Milioni mbili zilizobaki ni za wakili, kodi, ada na nauli. Anayenunua nyumba kwa pesa yake yote hana pesa ya kuihamisha, na nyumba isiyohamishwa si yake sawasawa.

Wakili asiseme tu, "Mambo yanaendelea." Kila mwezi mwulizeni: karatasi ziko ofisi gani, zimepokelewa tarehe ngapi, iko wapi nakala yenye muhuri wa kupokelewa? Andikeni majibu katika daftari la kikundi. Kazi imekwisha siku mnapoishika hati yenye jina lenu.

JINA LA NANI?

Hapa tunawaomba msikilize kwa makini, maana hili limevunja vikundi vingi.

Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kuandikwa katika hati. Kwa sheria hakipo. Basi watu husema, "Tuandike jina la Mwenyekiti, ni mtu mwaminifu." Kweli ni mwaminifu. Lakini Mwenyekiti atakufa siku moja, kama sisi sote. Watoto wake watakuta hati yenye jina la mama yao, nao watasema ni urithi wao. Mtabishana nao kwa karatasi gani?

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwulizeni wakili jinsi ya kukiweka kikundi sawa kisheria. Zipo njia. Kikundi kinaweza kusajiliwa kama chama cha ushirika. Au kinaweza kuandikisha wadhamini kwa RITA, ili wadhamini hao washike mali kwa niaba ya wote. Ni gharama kidogo na subira kidogo, lakini mali inakuwa ya kikundi hata viongozi wakibadilika.

Na kwa wale mnaonunua kwa ajili ya familia: akina baba, andikeni majina ya wake zenu pamoja na yenu. Sheria inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mama aliyepalilia pamba iliyoinunua nyumba asije akafukuzwa na mashemeji siku ya arobaini.

TUKIKOSA PESA YA WAKILI JE?

Tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria. Inawatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia bure wananchi wasio na uwezo. Sisi wasaidizi wa kisheria hatuwezi kuchukua kazi ya wakili, wala hatutozi. Lakini tunaweza kuwasomea mkataba, kuwaeleza, na kuwaonyesha mlango wa kubisha. Mwulizeni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya yenu, atawaambia ni watoa msaada gani wamesajiliwa huko.

NA WAKILI AKITUKOSEA?

Mawakili wengi wanafanya kazi yao kwa haki. Lakini akitokea aliyekula pesa zenu, au aliyezificha karatasi, msinyamaze. Kwanza mwandikieni barua, mweleze dai lenu, mbaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Asipojibu, pelekeni malalamiko katika Chama cha Mawakili wa Tanganyika, au katika Kamati ya Mawakili iliyowekwa na sheria. Kamati hiyo ina uwezo wa kumwadhibu, hata kulifuta jina lake katika orodha. Ndiyo maana tunasema wekeni risiti na daftari. Malalamiko bila karatasi ni manung'uniko tu.

Faida ya wakili wa kweli ndiyo hiyo: anao wa kumwuliza. Kishoka hana wa kumwuliza.

MWISHO

Ndugu zangu, hatukuja hapa kuwatisha msinunue. Nunueni! Jengeni! Mashine ya kukoboa mjini ni jambo jema, na kiwanja cha mtoto ni jambo jema. Tulichotaka kusema ni kwamba tusikabidhi jasho la miaka kumi kwa maneno ya dakika kumi.

Tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, wengine kwa taa ya kibatari baada ya kazi ya shamba. Hatukujifunza ili tusome mabango ya barabarani tu. Karatasi yoyote itakayowekwa mbele yetu, iwe na muhuri, iwe na utepe mwekundu, tuisome neno kwa neno kabla ya kushika kalamu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wakili na wakili kishoka wana tofauti gani? Mtamtambuaje kila mmoja?
2. Kwa nini muhuri wa Mwenyekiti wa Kijiji peke yake hautoshi katika kununua shamba?
3. Taja mambo manne ambayo wakili huyachunguza kabla ya kuandika mkataba.
4. Kikundi chenu kikinunua nyumba leo, hati itaandikwa jina la nani? Jadilini, kisha mwandike mtakalofanya.
5. Tafuteni mkataba wowote mlio nao nyumbani. Usomeni kwa sauti. Je, una majina kamili, mipaka, bei kwa maneno, na jina la aliyeutayarisha? Kama hauna, mtafanya nini?